Kumbukumbu ya wenzetu sita: tepe, picha na bamba bila ukumbi kugeuka wa harusi

Swali: "Mwaka jana tulipoteza wafanyakazi wenzetu sita katika ajali moja. Mwezi ujao tunafanya kumbukumbu ya mwaka mmoja ukumbini, watu kama 120, familia zao zikiwemo. Tutakuwa na picha sita kwenye fremu za ukubwa wa A3 na shada moja la maua. Nje kuna mti tulioupanda baada ya mazishi, na pembeni yake tutazindua bamba lenye majina yao. Tuna tepe za satini nyeusi na za zambarau. Mpambaji tuliyemwita amependekeza tao la kitambaa mlangoni, maputo, na mafundo kwenye viti vyote. Baadhi yetu tunaona itakuwa kama harusi. Tepe tuzitumie wapi, kiasi gani, na wapi tusiziweke kabisa?"

Poleni sana. Wanaoona kwamba itakuwa kama harusi wanaona sawa. Ukumbi wa harusi hupambwa ili chumba kizima kimeremete na kila kona ipigwe picha. Ukumbi wa kumbukumbu unahitaji sehemu mbili au tatu tu zinazovuta jicho, na kwingine kuwe kutupu na kusafi. Kwa hiyo, kabla ya kukata hata kipande kimoja, pitieni orodha ya mpambaji mkiuliza kila utepe unafanya kazi gani. Huu unaonyesha kwamba aliye pichani amefariki. Huu unaonyesha viti vya familia. Huu unabeba majina. Ukikosa jibu la namna hiyo, utepe ubaki kwenye roli.

Kwa kipimo hicho tao linaondoka, kwa sababu kazi yake ni kupokea maharusi na kuwa pazia la kupigia picha. Maputo yanaondoka pia, na si kwa ajili ya sura tu: puto likipasuka katikati ya dakika ya ukimya, ukimya umekwisha. Viti vyote 120 navyo havina sababu ya kufungwa. Kiti kimoja chenye mgongo wa kawaida hula utepe wa mita 1.8 hivi, ukihesabu mzunguko na mikia. Kwa viti 120 hiyo ni mita 216, karibu roli kumi za yadi 25, na matokeo yake ni kwamba viti vya familia haviwezi tena kutambulika.

Sasa angalieni tepe zenyewe. Kwanza pimeni kama rangi inachuja. Lowesheni kitambaa cheupe cha pamba, kikamueni, kisha sugueni utepe nacho mara kumi. Nyeusi na zambarau ndizo rangi zinazosumbua zaidi, na utepe unaochuja utaacha alama kwenye shati jeupe la mgeni au kwenye kitambaa cha meza mara tu jasho au maji ya maua yatakapoufikia. Utepe wa karatasi ya krepe usiwekwe kifuani kwa mtu kabisa, kwa sababu hiyo hiyo.

Pili, chomeni kipande kidogo juu ya sahani ya chuma. Kikiyeyuka na kuacha tone gumu, kwa kawaida ni poliesta, na ncha zake zinaweza kuzibwa kwa moto zisifumuke. Kikiwaka na kuwa majivu yenye harufu ya karatasi iliyoungua, ni pamba au viskosi, yaani nyuzi zitokanazo na mimea. Hicho msikiguse kwa moto. Pakeni ncha rangi ya kucha isiyo na rangi, tabaka jembamba, na muache ikauke. Kwa poliesta, pitisheni ncha karibu na sehemu ya bluu ya mwali, chini kabisa, kwa sekunde moja tu. Nyeusi huficha kosa dogo, lakini nyeupe hugeuka kahawia papo hapo.

Tatu, tazameni mng'ao. Satini iko inayong'aa upande mmoja na inayong'aa pande zote mbili. Ya kifuani inabidi iwe ya pande mbili, kwa kuwa ikikunjwa kitanzi mgongo wake unaonekana. Ya kwenye fremu yaweza kuwa ya upande mmoja, na ningeshauri upande usiong'aa ndio utazame watu, kwa sababu taa za ukumbi na mwanga wa kamera huufanya mweusi unaong'aa uonekane kama mstari mweupe. Kama bado mnaweza kununua, ule utepe mgumu kidogo wenye vijistari vya kukingama, grosigreni, ni bora kuliko satini kwa karibu kila kazi iliyo hapa chini. Hautelezi, unashika fundo, na hauakisi mwanga.

Kuhusu rangi: mbili zinatosha, na ni vizuri kujua rangi nyingine zimekwisha kuchukuliwa na nini, ili wageni wasidhani wamekuja kwenye kampeni. Utepe mwekundu kifuani umekuwa wa UKIMWI tangu 1991, ulipobuniwa na wasanii wa New York. Waridi ni wa saratani ya matiti. Mweupe ulianza Kanada mwaka huo huo wa 1991 kupinga ukatili dhidi ya wanawake, baada ya wanawake 14 kuuawa Montreal mwaka 1989. Wa njano, kwa Wakorea Kusini, unakumbusha kivuko cha Sewol kilichozama tarehe 16 Aprili 2014. Zambarau yenu haina tatizo. Rwanda iliitumia miaka mingi katika kumbukumbu ya mauaji ya kimbari kabla ya kuhamia kijivu. Hata hivyo waulizeni wafiwa kabla ya kuamua, familia moja moja, kwa sababu kuna wanaoona nyeusi ni ya siku ya mazishi na mwaka ukitimia inapaswa kuondoka. Wakisema hivyo, zambarau ichukue nafasi ya nyeusi kila mahali nilipoitaja hapa.

Utepe wa kifuani. Tumieni wenye upana wa milimita 10 hadi 15, vipande vya sentimita 15. Watu 120 pamoja na akiba ya asilimia kumi ni vipande 132, yaani mita 19.8. Roli ya yadi 25 ina mita 22.86, hivyo roli moja inatosha na kubakiza kidogo cha makosa. Tafuteni katikati ya kipande, kisha kutanisheni pande mbili sentimita 4.5 chini ya hapo. Kitanzi kitabaki na sentimita 4.5 na mikia sentimita 3. Pigeni nyuzi mbili za sindano kwenye makutano hata kama pini itapita hapo hapo. Bila nyuzi hizo, pini inakuwa ekseli na mikia inazunguka mpaka inatazama begani. Pini iwe ya kujifunga yenyewe, ndogo, ya sentimita 2, ipite kwenye tabaka la nyuma tu ili chuma kisionekane, na ishike angalau sentimita moja ya nguo. Gundi ya moto ni haraka lakini inafanya donge ambalo huonekana kwa mbele, na mahali penye joto utepe hubanduka.

Nguo nyepesi za hariri hutobolewa na pini. Kwa wenye nguo hizo wekeni vipande vichache vyenye sumaku mbili ndogo, ila mgawaji awe anauliza kwanza: aliyewekewa kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo asibandikwe sumaku kifuani. Tepe ziwe ndani ya kikapu mlangoni pamoja na mtu wa kuzitoa na kusaidia kuzibandika upande wa kushoto wa kifua. Asimlazimishe yeyote, wapo ambao imani yao haiwaruhusu. Msitengeneze utepe wa daraja, mkubwa kwa wakuu na mdogo kwa wengine. Familia, mkurugenzi na mlinzi wa geti wavae ule ule.

Meza ya picha ndiyo itakayobeba siku, kwa hiyo hapo msiharakishe. Anzeni na hesabu ya nafasi, maana huwa inakosewa. Fremu ya A3 ikisimamishwa wima ina upana wa nje wa sentimita 32 hivi. Fremu sita ni sentimita 192. Ongezeni sentimita 15 kati ya fremu na fremu, nafasi tano, mnapata 267. Meza moja ya sentimita 180 haitoshi, na mkilazimisha picha zitapishana kama kadi mkononi. Unganisheni mbili, sentimita 360, mtabaki na sentimita 46 kila upande, na nafasi hiyo iachwe wazi. Kitambaa cha meza kiwe kimoja kinachofunika zote mbili hadi sakafuni. Mshono wa vitambaa viwili unaoangukia katikati ya safu utaonekana kwenye kila picha itakayopigwa.

Kabla ya kuchapisha, linganisheni nyuso. Familia zitaleta picha za kila namna, moja ya pasipoti, nyingine imekatwa kwenye picha ya sherehe. Mkizichapisha jinsi zilivyo, mmoja atakuwa na uso mkubwa unaojaza fremu na mwenzake atakuwa mtu mdogo aliyesimama mbali, na mama yake ataliona hilo kabla ya kitu kingine chochote. Punguzeni kingo hadi kila uso, kutoka kidevuni hadi utosini, uwe na sentimita 12 hivi kwenye karatasi, na macho yote yawe kwenye mstari mmoja. Kama picha moja ni ya rangi na nyingine ni nyeusi na nyeupe, zote zifanywe nyeusi na nyeupe. Picha ndogo sana isiyovumilia kukuzwa ni sababu nzuri ya kupunguza fremu zote ziwe A4. Msimpunguze mmoja peke yake.

Utepe wa kwenye pembe ya fremu, kwa A3, uwe wa milimita 38. Kwa A4, milimita 25. Kateni kiolezo cha kadibodi: pembetatu yenye pembe mraba na pande mbili za sentimita 12. Kiwekeni kwenye pembe ya fremu, na ukingo wake mrefu, ambao ni sentimita 17, ndio mstari wa katikati ya utepe. Ongezeni sentimita 5 kila upande za kukunjia nyuma. Kipande kinakuwa sentimita 27. Kwa fremu sita hiyo ni mita 1.62, kateni mita 2. Kunjeni ncha nyuma ya fremu na mzishike kwa selotepu ya pande mbili, kisha juu yake selotepu ya kitambaa. Msibandike chochote kwenye kioo. Ukikaza upande mmoja kuliko mwingine utepe unapinda kama upinde, kwa hiyo shikeni upande wa kwanza, geuzeni fremu muone mbele, ndipo mshike wa pili.

Pembe ipi? Desturi zinatofautiana. Japani, kwa mfano, picha ya marehemu kwa desturi ilifungwa utepe mweusi pembe zote mbili za juu. Muhimu kwenu ni picha zote sita ziwe na pembe ile ile, na iwe pembe ambayo utepe haukati bega wala nywele za yeyote kati yao. Tazameni zote sita kwanza, kisha chagueni.

Na jambo ambalo watu hulisahau: utepe mweusi usipite kamwe juu ya picha yenye mtu aliye hai. Kama familia imeleta picha ya marehemu akiwa na mwanawe, ama ikatwe abaki peke yake kwa ridhaa yao, ama iwekwe bila utepe kwenye meza nyingine. Mtoto kujikuta nyuma ya mstari mweusi mbele ya watu 120 ni kosa lisilorekebishika pale ukumbini.

Mbele ya meza pitisheni utepe mmoja tu wa zambarau wa milimita 50, ulionyooka kwenye ukingo wa juu, ukishuka kila pembe: sentimita 360 na 70 mara mbili, mita 5. Ushikeni kwa pini za kichwa kidogo kila sentimita 40, zikiingia kutoka chini. Usikunjwe mawimbi. Mawimbi ya kitambaa mbele ya meza ndiyo alama kuu ya meza ya keki. Piga pasi utepe kabla, kwenye joto la chini kabisa, na kitambaa cha pamba katikati, kwa sababu poliesta huacha doa linalong'aa pale pasi ilipozidi.

Mishumaa, kama mnaitaka, iwe ya betri. Ya moto inahitaji nafasi ya angalau sentimita 30 kutoka kwenye utepe wowote na hakuna feni. Poliesta haiwaki tu, inayeyuka na kudondoka ikiwa na moto.

Viti. Fungeni vya familia pekee. Utepe wa milimita 50, mita 1.8, fundo moja bapa nyuma ya kiti, mikia ikining'inia sawa. Bila fundo la kipepeo, bila ua. Waulizeni familia watakuja wangapi na mwongeze viwili kila familia, kwa sababu huja na zaidi ya waliowataja, na kumhamisha shangazi wa marehemu safu ya tano kwa kukosa utepe kitini ni aibu isiyo na sababu.

Shada la maua. Kwa shada la kipenyo cha sentimita 60, utepe uwe na upana wa milimita 100 na mikia miwili ya sentimita 70, mita 2 kwa jumla pamoja na sehemu ya kufungia. Maneno huandikwa kwa urefu wa mkia. Toeni sentimita 10 za juu zitakazofunikwa na maua na 8 za chini kabla ya ncha, zinabaki 52. Kwa herufi za kimo cha sentimita 3, ambazo kwa wastani hula sentimita 2 kwa upana, mna nafasi ya herufi 26 pamoja na nafasi tupu. "Tunawakumbuka daima" ni 19, inaingia vizuri. "Kutoka kwa uongozi na wafanyakazi wote wa" na jina la taasisi haiingii, na mwandishi atakayelazimisha ataminya herufi hadi zisisomeke. Kwa anayetazama, ujumbe uwe kushoto na mtoaji kulia: "Wafanyakazi wenzenu" inatosha, kwani kila aliyepo anajua ni wa wapi. Herufi ziwe nyeupe au za fedha juu ya nyeusi. Kalamu ya wino hutambaa kwenye nyuzi za satini, kwa hiyo pelekeni kwa mchapaji anayetumia joto, na mumkabidhi maneno yakiwa yameandikwa, si kwa simu.

Ncha za mikia zikatwe kama mkia wa mbayuwayu. Kunjeni utepe katikati kwa urefu wake, anzeni kukata kwenye mkunjo, sentimita 5 juu ya mwisho, mkishuka kwa mshazari hadi kwenye kona za kingo mbili zilizo wazi. Mkianzia upande wa pili mtapata ncha ya mkuki.

Atakayeweka shada aambiwe mapema kwamba kazi yake haiishi kwa kulisimamisha. Anainama, ananyoosha mikia miwili ya utepe ili maandishi yasomeke, anarudi hatua mbili nyuma, anasimama. Ndivyo inavyofanywa kwenye minara ya kumbukumbu ya kitaifa. Willy Brandt, aliyekuwa Chansela wa Ujerumani Magharibi, alinyoosha ncha za utepe wa shada namna hiyo hiyo Warszawa tarehe 7 Desemba 1970, mbele ya mnara wa mashujaa wa ghetto la Wayahudi, kabla ya kupiga magoti. Kunyoosha utepe kunampa mtu kitu cha kufanya kwa mikono, na kunawapa waliopo muda wa kusoma.

Bamba nje. Hapa nitasisitiza: msikate utepe. Kukata kwa mkasi ni kwa kufungua jengo au duka, na makofi hufuata yenyewe. Bamba la marehemu hufunuliwa. Funikeni kwa kitambaa kizito kiasi, kisichong'aa, kinachozidi bamba kwa sentimita 20 kila upande, na mkifunge kwa utepe mmoja wa milimita 38 wenye fundo la kuteleza: mkia mmoja unarudi ndani ya fundo kama kitanzi, ukivutwa fundo zima linafunguka. Mkia wa kuvuta uwe mrefu kuliko mwingine kwa sentimita 15 na uwe upande wa mkono wa atakayevuta. Hapo satini yenu ndiyo inayofaa, kwa kuwa inateleza, grosigreni itashika.

Kinachokwama kwa kawaida ni kitambaa. Kinanasa kwenye vichwa vya skrubu au kwenye pembe kali za bamba, mgeni anavuta mara ya pili, mara ya tatu, watu wanaanza kunong'ona. Bandikeni vipande vidogo vya selotepu laini juu ya skrubu za juu, na mfanye jaribio mara tatu na kitambaa chenyewe, siku ile ile, kwa sababu kikiwa na umande kinakuwa kizito. Kama kuna upepo, shoneni vipande vya uzito kwenye upindo wa chini.

Kabla ya bamba kuchongwa, majina yapitiwe na familia zenyewe kwa maandishi, kila moja ikitia sahihi kwamba tahajia ni sawa. Orodha ya ofisi ya utumishi haitoshi. Mara nyingi ina jina la tatu ambalo mtu hakulitumia, au herufi iliyokosewa tangu siku ya kuajiriwa. Vyeo viachwe. Mpangilio uamuliwe na uelezwe. Ukuta wa wanajeshi wa Marekani waliokufa Vietnam, uliopo Washington tangu 1982, umepanga majina kwa tarehe za vifo. Eneo la kumbukumbu ya mashambulizi ya Septemba 11 huko New York, lililofunguliwa 2011, limejaribu kuwaweka karibu watu waliokuwa ndugu, marafiki au wafanyakazi wa pamoja. Ninyi mna majina sita na siku moja. Alfabeti inawatosha, na hakuna atakayeuliza kwa nini fulani ni wa kwanza. Tumieni mpangilio huo huo kwa picha mezani na kwa kusoma majina kwa sauti.

Mti. Ulipandwa mwaka jana, kwa hiyo shina lake bado ni jembamba na matawi hayana nguvu. Tepe 120 zenye ujumbe zikifungwa humo zitashika upepo kama tanga na kuukunja, na zile zilizofungwa kwa kukaza zitalikaba gome jinsi tawi linavyonenepa. Simikeni nguzo mbili mita moja na nusu kutoka kwenye mti, mvute kamba kati yake kwa kimo cha kifua, tepe za ujumbe zifungwe hapo. Kwenye mti wenyewe pawe na utepe mmoja tu, wa milimita 50, umefungwa legelege kiasi cha vidole viwili kupita.

Ujumbe uandikwe kwenye utepe wa pamba wa milimita 25, vipande vya sentimita 40, kwa kalamu ya wino usiofutika yenye ncha nyembamba. Jaribuni: andikeni, subirini dakika kumi, sugueni kwa kidole chenye maji. Wanaotaka kuandika waandike ndani ya ukumbi kabla ya kutoka, wakiwa na meza na kadibodi ngumu chini ya utepe. Nje watu wataandika kwenye mapaja yao.

Kama taasisi yenu ina mlingoti, bendera ya taifa ifuate sheria ya nchi yenu. Katika nchi nyingi hushushwa kwa amri ya serikali tu. Bendera ya taasisi ni yenu. Ikiwa nusu mlingoti, ipandishwe kwanza hadi juu kabisa kisha ishushwe, na jioni irudi juu kabla ya kuteremshwa. Isiyoweza kushushwa kwa sababu imefungwa kwenye fimbo ya ndani, fungeni utepe mweusi juu yake, mikia isizidi urefu wa bendera.

La mwisho ni kuondoa, na mpange leo, si baada ya tukio. Tepe za nje zitolewe baada ya siku 30. Jua huigeuza nyeusi kuwa kahawia na zambarau kuwa kijivu kilichochakaa, ncha zinafumuka, na ndege hunasa miguu kwenye nyuzi. Andikeni jina la anayehusika na tarehe. Utepe wa fremu utolewe kabla ya picha kurudishwa kwa familia, isipokuwa wakiomba ubaki. Zile zenye ujumbe msizikunje wala kuzitia kwenye mfuko wa plastiki. Zikauke kivulini, kisha zizungushwe kwenye bomba la kadibodi lenye karatasi nyeupe, na familia ziulizwe kama zinataka za mpendwa wao. Mtu aliyeandika kwa marehemu mmoja kwa kawaida humtaja kwa jina, hivyo kuzigawa haichukui muda mrefu. Zilizoandikwa kwa wote sita zibaki kwenye kumbukumbu za taasisi, zikiwa na lebo ya tarehe.